Injini ya Dizeli ya Mwaka 1897
Injini hii ya silinda moja ilibuniwa na Rudolf Diesel, ikaundwa katika kiwanda cha mashine cha Augsburg, Ujerumani. Haina plagi. Pistoni inapopanda huishindilia hewa mpaka ikapata joto kali. Mafuta yakipulizwa ndani, huwaka yenyewe. Silinda ina kipenyo cha milimita 250, na pistoni husafiri milimita 400.

Majaribio yalianza 1893, yakaendelea kwa miaka minne ya subira kubwa. Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima: nguvu za farasi zipatazo 20, na zaidi ya robo ya nishati ya mafuta ikageuka kazi. Injini za mvuke za wakati huo hazikufikia kiwango hicho.

Imehifadhiwa Deutsches Museum, München. Injini za dizeli za malori, meli na majenereta zimetokana nayo.