Bugobogobo: Ngoma ya jembe inayofunzwa kwa kuitikia

Bugobogobo ni ngoma ya Wasukuma, wakazi wa Shinyanga, Geita na mikoa jirani. Ilizaliwa shambani, ambako vikundi vya vijana vililima kwa kufuata mapigo ya ngoma. Hadi leo wachezaji hurusha majembe hewani.

Anayeanza hahitaji nota. Kiongozi huimba mstari mfupi, kundi huitikia. Mwanafunzi hujifunza kiitikio, mapigo na uchezaji wa jembe.

Katika sherehe za Bulabo huko Bujora, Mwanza, ambazo kwa kawaida hufanyika Juni, Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi.

Plau za ng'ombe zimepunguza kilimo hicho cha pamoja. Shamba likinyamaza, kikundi cha ngoma ndicho darasa lililobaki.