Reli na Walinzi Wake Katika Vita vya 1914

Tarehe 28 Machi 2022, katika nchi ya Nigeria, watu wenye silaha walitega baruti katika reli iendayo kati ya Abuja na Kaduna. Gari la moshi lilipokwama wakalipiga kwa bunduki, wakaua baadhi ya abiria, na wengine wengi wakawachukua mateka. Reli ile ikafungwa hata Desemba. Wako waliosikia habari hizi wakadhani ya kuwa ni uovu wa siku hizi tu. Sivyo. Jambo hili ni la zamani, nasi watu wa Pare lilitufikia mlangoni.

Reli tunayoikuta tukishuka Same, Makanya au Hedaru ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na wazee wetu. Ilifika Moshi mwaka 1911. Waingereza nao walikuwa na reli yao kutoka Mombasa hata Kisumu, iliyokwisha mwaka 1901. Basi vita vilipozuka Agosti 1914, Wadachi waliitwaa Taveta upesi, wakapata mlango wa kuiendea reli ya adui zao, nyikani upande wa Voi na Tsavo.

Baruti ya kupasulia mawe ilikuwako tele katika mashamba ya walowezi. Fataki njema walizipata Tanga, katika vitu walivyoviacha Waingereza waliposhindwa huko Novemba 1914. Vikundi vya watu wachache vikavuka nyika kwa miguu, vikatega, vikarudi. Injini zikaanguka, na madaraja yakavunjika. Wala gari la moshi halikuchukua askari tu: dereva na mtia kuni hawakuwa na bunduki, na mtego haukuwauliza kitu.

Waingereza waliweka askari penye madaraja, na wengine wakatembea kandokando ya reli. Kisha wakapata werevu mmoja: wakasukuma mbele ya injini behewa moja au mawili yaliyojaa mchanga, ili mtego upasue mchanga, injini ipone. Wadachi walipojua hayo, wakatengeneza mitego isiyopasuka gurudumu la kwanza likipita, bali hungojea ya nyuma. Hivyo akili ya mlinzi ilimfunza mharibifu.

Mimi siwalaumu walinzi wale. Kutoka Mombasa hata Nairobi ni maili 330, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni vichaka vya miiba. Ukiweka askari hapa, adui atapita pale. Kilichowazuia waharibifu zaidi ya bunduki ni kiu. Jemadari wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kitabu chake ya kuwa kumchukua majeruhi kutoka reli ile kuvuka nyika yote ilikuwa kazi kubwa mno, na mara nyingi haikuwezekana. Asema kulikuwa na askari Waafrika waliojua ya kuwa wataachwa porini penye simba, wala hawakulalamika. Wenyewe waliwapa wenzao bunduki na risasi zao. Jina la hata mmoja hakuliandika hapo. Nami kila nisomapo habari hii hujiuliza, watu hao walitoka vijiji gani, na nani aliwapelekea mama zao habari.

Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Taveta, maana waliona ya kuwa kulinda kila daraja hakutoshi. Yafaa kumwondoa adui mahali atokapo. Februari 1916 akaja Jemadari Smuts kutoka Afrika ya Kusini. Na hapa pana jambo la ajabu kidogo: huyu Smuts katika vita vya Makaburu, 1899 hata 1902, alipigana na Waingereza hao hao, na Makaburu walikuwa mabingwa wa kupasua reli. Machi 1916 majeshi yake yakatwaa Taveta na Moshi, na mashambulio ya reli ya Mombasa yakakoma.

Sasa ikawa zamu ya reli yetu. Wadachi wakirudi nyuma waliivunja wenyewe, na daraja la Ruvu karibu na Kahe wakalipasua. Mwezi wa Mei Waingereza wakashuka, wengine kandokando ya mto, wengine kandokando ya reli chini ya milima, na wengine kwa njia ya Ngulu, kati ya Pare ya Kaskazini na ya Kusini. Mwisho wa mwezi walikuwa Buiko, na tarehe 7 Julai wakaingia Tanga. Nyuma yao mafundi wa jeshi kutoka Uhindi walitengeneza madaraja na kupanga mataruma upya.

Ile reli ya Voi nayo ilisukumwa mbele mwaka huo huo, hata ikaungana na yetu Kahe. Ilijengwa kwa ajili ya mizinga, na vita vilipokwisha ikachukua kahawa ya Kilimanjaro kwenda Mombasa.