Motokaa Kuukuu na Nguvu za Umeme

Pita nyuma ya karakana yoyote ya mjini, msomaji, nawe utaona motokaa kuukuu zilizoachwa juani. Nyingi katika hizo hazikuharibika mwili. Magurudumu yapo, milango hufunguka, usukani hugeuka. Kilichokufa ni injini, na mwenye mali amekadiria kwamba gharama ya kuifufua itapita thamani ya gari zima. Motokaa ya namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini. Je, hawezi mtu kuinunua, akaing'oa injini, akatia mahali pake mota ya umeme na betri, akaepukana na gharama ya petroli? Swali hili huonekana kuwa la siku zetu, kumbe lina umri wa zaidi ya miaka mia. Wako waliolijibu wakapata faida, na wako waliolijibu wakapata hasara. Aghalabu kilichowatenga si bahati, bali ni hesabu.

Chanzo cha mambo yote haya ni betri. Katika mwaka wa 1859 mtaalamu wa Ufaransa, Gaston Planté, aliunda betri ya risasi na asidi, ambayo nguvu zake zikiisha huweza kutiwa umeme tena na tena. Katika mwaka wa 1881 Mfaransa mwingine, Gustave Trouvé, alichukua baiskeli ya magurudumu matatu iliyotengenezwa Uingereza, akaifunga mota ndogo na betri, akaiendesha katika njia za Paris. Angalia vema jambo hili. Trouvé hakuanza kwa kuunda chombo kipya, alikibadilisha kilichokuwapo. Mafundi wa leo wanaobadilisha motokaa kuukuu wanafuata njia ile ile.

Hapo mwanzo umeme ulikuwa na heshima kubwa. Mwaka wa 1899 Camille Jenatzy wa Ubelgiji aliendesha gari la umeme kwa mwendo uliozidi kilomita 100 kwa saa, mwendo ambao hakuna motokaa iliyokuwa imeufikia kabla yake. Katika Marekani, mwaka wa 1900, motokaa za umeme zilizoundwa zilikuwa nyingi kuliko za petroli. Lakini heshima hiyo haikudumu. Mwaka wa 1908 Henry Ford alitoa motokaa yake iliyoitwa Model T, na bei yake ikaendelea kushuka kwa miaka mingi. Mwaka wa 1912 motokaa za Cadillac zilianza kuwashwa kwa mota ndogo iliyobuniwa na Charles Kettering, na dereva akapumzika kuzungusha chuma kwa mkono. Basi motokaa ya petroli ikawa rahisi kununua na rahisi kuwasha, na ile ya umeme ikasahauliwa na watu wengi.

Haikusahauliwa na wote. Yako mashindano ambayo kila mwanafunzi yafaa ayajue, kwa maana yalifanywa na wanafunzi. Mwaka wa 1968 kijana mmoja wa chuo cha Caltech, huko California, jina lake Wally Rippel, alikuwa na basi dogo la Volkswagen la mwaka wa 1958 ambalo alilibadilisha liende kwa umeme. Hewa ya Los Angeles ilikuwa imechafuliwa mno na moshi wa motokaa, naye alitaka kuonyesha kwamba njia nyingine ipo. Akawapa changamoto wanafunzi wa chuo cha MIT kilichoko Massachusetts, upande wa pili wa Marekani: kila kundi liondoke chuoni kwake na kwenda hadi chuo cha wenzao, safari ya zaidi ya kilomita 5,000. Vituo 54 vya kutia umeme viliwekwa njiani.

Wanafunzi wa MIT walikuwa na motokaa mpya aina ya Corvair, na betri za nikeli na kadmiamu zilizokadiriwa thamani ya dola 20,000. Wale wa Caltech walikuwa na basi lao la miaka kumi na betri za jamii ya risasi, ambazo bei yake haikukaribia hiyo hata kidogo. Mota ya basi iliungua huko Arizona, wakapoteza karibu siku nzima wakingojea nyingine. Betri za wenzao nazo zilipata moto mno wakati wa kutiwa umeme, hata zikapozwa kwa barafu. Corvair ilitangulia kufika, lakini sehemu ya mwisho ilikuja ikivutwa. Saa za adhabu zilipohesabiwa, basi kuukuu lilishinda kwa muda wa dakika 30 hivi.

Usidhani, msomaji, kwamba hadithi hii yathibitisha kuwa kitu cha bei ndogo hushinda daima. Itazame upya. Katika vyombo vyote viwili, mwili wa motokaa haukuwa ndio shida. Kilichowasumbua wanafunzi ni mota na betri. Gari lenyewe hupatikana. Kazi ngumu ni kuzihifadhi nguvu za kuliendesha.

Fikiri kwa kipimo cha yuniti, zile zinazohesabiwa na mita ya umeme nyumbani. Kilo moja ya petroli ina nguvu za yuniti 12 hivi. Injini hupoteza sehemu kubwa kwa joto, lakini tuseme robo tu ndiyo inayoendesha magurudumu: zitabaki yuniti 3. Kilo moja ya betri ya risasi haifikishi hata sehemu moja ya ishirini ya yuniti. Mota ya umeme haipotezi nguvu nyingi, lakini hata hivyo fundi hulazimika kupakia betri nzito sana ili apate mwendo wa kilomita chache. Ndiyo sababu wabadilishaji wengi waliipenda Volkswagen ndogo, ambayo ni nyepesi na injini yake imeshikwa na boliti nne tu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya betri huoza. Kila inapotumiwa na kutiwa umeme hupungua uwezo kidogo kidogo, na ile ya risasi ikizoea kumalizwa kabisa, umri wake huwa mfupi. Hapo ndipo wengi walipopata hasara. Bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka wa 1973, baadhi ya watu huko Marekani waligeukia motokaa za umeme. Bei ilipoanguka mwaka wa 1986, akiba waliyoitazamia ilipungua, na betri bado zilidai kununuliwa upya.

Tangu mwaka wa 1991, betri za lithiamu zilipoanza kuuzwa, mambo yamebadilika. Betri hizo hubeba nguvu mara kadhaa kuliko zile za risasi za uzito ule ule, na huishi zaidi. Hapa kwetu, kampuni ya Opibus iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 2017 ilibadilisha magari ya kubeba watalii yaende kwa umeme. Chaguo hilo lilikuwa la busara: gari la namna hiyo huzunguka mbugani mchana, hurudi kambini usiku, na hapo hutiwa umeme. Tena Kenya hununua petroli yake ng'ambo, lakini sehemu kubwa ya umeme wake hutoka nchini, katika mvuke wa ardhi ya Olkaria, katika maji na katika upepo.

Sasa chukua kalamu. Tuseme mtu hutumia shilingi 15,000 za petroli kila mwezi, na akitumia umeme atalipa shilingi 5,000. Ataokoa shilingi 10,000. Ikiwa kazi ya kubadilisha motokaa, pamoja na betri, ni shilingi 600,000, itamchukua miezi 60, yaani miaka mitano, kurudisha fedha zake. Betri zikifa katika mwaka wa tatu, amekula hasara. Zikiishi miaka kumi, amepata faida ya shilingi 600,000.

Motokaa ni ile ile, na fundi ni yule yule. Kwa hiyo, siku utakapoonyeshwa motokaa kuukuu na kuambiwa kwamba ni rahisi, usiulize kwanza bei ya gari. Uliza betri itaishi miaka mingapi, kisha ndipo utie mkono mfukoni.