Tiba ya Kiwewe cha Vita kwa Askari Wastaafu wa Marekani

Msongo wa baada ya kiwewe ni ugonjwa wa akili unaoweza kumpata mtu aliyekabiliwa na kifo, majeraha makubwa au ukatili wa kingono, au aliyeshuhudia mambo hayo yakimpata mwingine. Kwa askari, chanzo huwa ni mapigano, mabomu ya kutegwa barabarani, vifo vya wenzake, na wakati mwingine kubakwa na askari mwenzake. Nchini Marekani, tiba yake hutolewa hasa na Idara ya Masuala ya Askari Wastaafu, yenye hospitali na zahanati nchi nzima.

Historia

Madaktari waliijua hali hii kabla haijapewa jina la sasa. Mwaka 1871 Jacob Da Costa alieleza maradhi ya moyo kwenda mbio yaliyowapata askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1915 Charles Myers, daktari Mwingereza, aliandika juu ya mshtuko wa makombora katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mabadiliko makubwa yalitokana na vita vya Vietnam. Kuanzia mwaka 1970, askari waliorudi walikutana katika vikundi mjini New York kusimulia yaliyowafika, wakiwa pamoja na madaktari wa akili Robert Jay Lifton na Chaim Shatan. Madai yao yalichangia ugonjwa huu kuingizwa mwaka 1980 katika toleo la tatu la mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani. Mwaka 1979 serikali ilianzisha vituo vya ushauri nasaha nje ya hospitali, kwa kuwa wengi waliotoka Vietnam hawakuwa na imani na ofisi zake. Utafiti wa kitaifa wa miaka ya 1980 ulikadiria kwamba wanaume 15 kati ya kila 100 waliotumikia jeshi Vietnam walikuwa bado na ugonjwa huo, na 30 kati ya kila 100 waliwahi kuupata maishani.

Dalili na utambuzi

Dalili zimegawanywa katika makundi manne: tukio kujirudia kwa jinamizi au kumbukumbu za ghafla, kukwepa kila kinacholikumbusha, mawazo na hisia kugeuka, kama vile kujilaumu na kufa ganzi, na mwili kukaa chonjo, pamoja na kushtuka upesi, hasira na kukosa usingizi. Dalili hizo huwa zimedumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi au familia. Dodoso linalotumika sana lina maswali 20, kila moja likipewa alama 0 hadi 4. Mgonjwa hulijaza tena matibabu yakiendelea ili kupima kama anapata nafuu, lakini uthibitisho hutolewa na mtaalamu baada ya mahojiano.

Tiba ya mazungumzo

Kukwepa humpa mgonjwa nafuu ya muda, lakini humnyima nafasi ya kugundua kwamba kumbukumbu haiui na kwamba mambo mengi anayoyaogopa si ya hatari tena. Kwa hiyo tiba zenye ushahidi mkubwa humrudisha mgonjwa kwenye tukio lenyewe, kwa mpango na chini ya uangalizi.

Ya kwanza ni tiba ya kukabili hofu, iliyobuniwa na Edna Foa. Huchukua vikao 8 hadi 15 vya dakika 90 hivi. Mgonjwa hufumba macho na kusimulia tukio kana kwamba linatokea wakati huo. Sauti yake hurekodiwa, naye huisikiliza nyumbani. Pia huorodhesha mambo anayoyakwepa, kuanzia mepesi hadi mazito. Dereva aliyelipuliwa na bomu nchini Iraq, kwa mfano, huenda bado anakwepa kila mfuko wa taka ulio kando ya barabara, akihofu umefichwa bomu. Ataanza kwa kuendesha gari katika mtaa mtulivu, kisha barabara kuu, akikaa na hofu hiyo mpaka ipungue.

Ya pili, iliyobuniwa na Patricia Resick, hushughulikia fikra na kwa kawaida huwa na vikao 12. Mgonjwa huandika imani zilizomkwamisha, mathalani "ningeikagua barabara vizuri, wenzangu wangekuwa hai". Kisha huulizwa: wakati ule alijua nini, na nani aliyetega bomu? Ya tatu, ya Francine Shapiro, humtaka mgonjwa alikumbuke tukio huku akifuatisha kwa macho mkono wa mtaalamu unaokwenda huku na huko.

Dawa

Sertralini na paroksetini, ambazo ni dawa za sonona, ndizo pekee zilizoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kwa ugonjwa huu. Venlafaksini nayo hutumika. Dawa za kutuliza za jamii ya benzodiazepini hazishauriwi kwa sababu huleta utegemezi. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilikataa kuidhinisha tiba inayotumia dawa ya kulevya ya MDMA, ikitaka utafiti zaidi.

Vikwazo

Tatizo kubwa ni askari kuacha tiba katikati. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ulioshirikisha wastaafu 916, karibu nusu hawakumaliza vikao, na wengine waliomaliza walibaki na dalili. Ulevi, majeraha ya ubongo na aibu ya kuonekana dhaifu huongeza ugumu. Hata hivyo, mwongozo wa tiba wa mwaka 2023 wa Idara ya Masuala ya Askari Wastaafu na Wizara ya Ulinzi unapendekeza tiba hizo tatu za mazungumzo kabla ya dawa. Mstaafu aliye katika hatari ya kujiua nchini Marekani hupiga simu namba 988 kisha hubonyeza 1, saa zote.