Walaji wa Gesi ya Kivu

Chini ya Ziwa Kivu, baina ya Kongo na Rwanda, mna takriban kilomita za ujazo 60 za methani. Mbelgiji Damas alilichunguza ziwa hilo miaka ya 1930. Lakini mbona gesi hiyo haituvukii hewani kwa wingi? Mwaka 1975 Jannasch wa Woods Hole alionyesha kuwa bakteria huila pale inapokutana na oksijeni. (Söhngen wa Uholanzi alikwisha kuwaeleza viumbe hao mwaka 1906, ukoo wao hukaa hata kwenye udongo wa majaa kama lile la barabara yetu ya Keele, lililofungwa 2002.) Gesi ikifumka ghafla, hawaiwezi. Hapo ndipo penye hofu ya Goma na Gisenyi. Rwanda inaivuta kuzalishia umeme.