Serikali Ilipoanza Kufungua Mizinga

Sheria ya kwanza ya kukagua mizinga ya nyuki nchini Marekani haikutoka Washington. Ilitoka San Bernardino, kusini mwa California, mwaka 1877. Miaka sita baadaye ikawa ya California nzima, na kufikia 1906 majimbo 12 yalikuwa na sheria za aina hiyo. Cha kushangaza ni kwamba waliozipigania, mara nyingi, ni wafugaji wenyewe. Sisi tumezoea hadithi nyingine: bwana shamba anaingia kijijini, mkulima anatokea mlango wa nyuma. Sasa hawa waliomwita mtu wa serikali aje afungue mizinga yao, na ikibidi aichome moto, walikuwa na shida gani?

Tuanze na sanduku. Mwaka 1851 mchungaji mmoja wa kanisa, Lorenzo Langstroth, aligundua jambo dogo. Ukiacha nafasi ya milimita 6 hadi 9 hivi ndani ya mzinga, nyuki hawaijazi kwa masega wala hawaizibi kwa gundi yao. Wanaiacha kama njia ya kupita. Kwa hiyo unaweza kuning'iniza fremu za mbao, nyuki wakajenga humo, na wewe ukazichomoa moja moja na kuzirudisha bila kubomoa kitu. Mwaka uliofuata akapata hataza. Kabla ya hapo nyuki wa Marekani waliishi kwenye magogo, vikapu na makasha yaliyofungwa. Kutazama ndani maana yake ilikuwa kukata masega.

Sanduku la fremu liligeuza ufugaji kuwa biashara. Nyuki walifika California mwaka 1853, na ndani ya miaka 25 milima ya kusini ilikuwa na mizinga kwa maelfu. Fremu zilihama kutoka mzinga huu kwenda ule, mizinga ikauzwa na kusafirishwa, masega yaliyokwisha kukamuliwa yakarudishwa yatumike tena. Kila lililofanya kazi iwe rahisi liliufungulia njia ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni uozo wa majana. Kuna aina mbili, na ile mbaya zaidi inaletwa na bakteria ambaye mwanasayansi G. F. White alimtambua katika miaka ya 1900 mwanzoni. Nyuki walezi wanamlisha jana chakula chenye mbegu za bakteria. Jana anakufa ndani ya kijumba chake, anakuwa uji wa rangi ya kahawia, kisha anakauka na kuganda ukutani kama gamba. Kipimo cha mkaguzi kilikuwa njiti ya kiberiti. Unaichomeka kwenye kijumba, unaivuta taratibu, na kama unatoka uzi unaonata na kurefuka kama mlenda, basi. Harufu nayo inakuambia, kama ya gundi iliyochacha.

Kundi likidhoofika, nyuki wa jirani wanakuja kuiba asali yake. Wanaibeba pamoja na mbegu za ugonjwa, na hizo zinaweza kukaa hai miaka zaidi ya 35. Waswahili tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza, ila samaki walau wako kwenye tenga moja. Nyuki wanaruka kilomita kadhaa. Unaweza kuwa mfugaji makini kuliko wote, lakini jirani yako mzembe, au yule aliyefariki akaacha mizinga mitupu nyuma ya nyumba, anakuua bila kukujua. Hapo ndipo mfugaji wa California alipokubali kuwa afya ya mzinga wake si jambo lake peke yake.

Dawa ya mkaguzi ilikuwa moto. Shimo linachimbwa, nyuki wanauawa jioni wakisharudi wote, fremu na masega na asali yake vinatupwa humo, vinachomwa, vinafukiwa ili nyuki wengine wasije kulamba kilichobaki. Masanduku yakiwa mazima yaliweza kuunguzwa kwa ndani na kutumika tena. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwenye mali. Huyu ofisa amekuja na njiti ya kiberiti, ameamua peke yake, na mtaji wako unafuka moshi.

Mahakama za Marekani zilikubaliana na moto. Katika kesi ya Miller na Schoene mwaka 1928, iliyohusu miti ya mierezi iliyokatwa Virginia ili kuokoa matofaa, Mahakama ya Juu ilisema serikali inaweza kuangamiza mali ya mmoja kuokoa ya wengine bila kulipa thamani yake. Kwa upande wa nyuki hoja ni ile ile: mzinga mgonjwa ni kero kwa umma. Mimi naiona hoja ilivyo na nguvu, ila naona pia palipobaki deni. Anayejua hatalipwa ana kila sababu ya kuficha, na ugonjwa unaofichwa ndio unaosambaa.

Kuna walioumia zaidi na wasiotajwa sana. Ili mkaguzi akague, lazima mzinga ufunguke. Kwa hiyo majimbo mengi yalipiga marufuku kufuga nyuki kwenye mizinga isiyo na fremu za kuchomolewa. Mzee wa milimani aliyerithi magogo kwa babu yake akajikuta anavunja sheria, hata kama nyuki wake walikuwa wazima. Kosa lake ni kuwa na nyumba ambayo serikali haiwezi kuchungulia.

Mwaka 1922 Bunge la Marekani likaenda mbali zaidi na kuzuia nyuki hai kuingizwa kutoka nje. Uingereza ilikuwa imepoteza makundi mengi kwa maradhi yaliyoanzia kisiwa cha Wight mwaka 1904, na 1921 watafiti wa Aberdeen walikuwa wamemwona utitiri mdogo sana ndani ya mirija ya kupumulia ya nyuki. Sheria ilifanya kazi. Utitiri huyo alichelewa hadi 1984.

Lakini nyuki hana pasipoti. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alileta malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akitafuta nyuki wanaofaa nchi za joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka. Watoto wao waliruka kaskazini msimu baada ya msimu, na Oktoba 1990 wakafika Texas. Hakuna mkaguzi aliyeweza kuwasimamisha mpakani.

Huku walikotoka baadhi ya malkia hao, hali ni tofauti. Tabora na Katavi asali bado inarinwa kwa wingi kutoka mizinga ya magogo na magome iliyotundikwa mitini, mbalimbali msituni. Masega yanakatwa, yanakamuliwa, yanayeyushwa kuwa nta. Hayarudi mzingani. Nyuki wetu nao wakichoka mahali wanahama. Yaani njia kuu mbili za uozo wa majana, msongamano na masega ya zamani, hazina nafasi kubwa hapo. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 ina mambo ya hifadhi za nyuki na ubora wa mazao, na asali inayokwenda Ulaya lazima ipimwe mabaki ya dawa. Jicho la serikali kwetu limekuwa zaidi kwenye ndoo kuliko kwenye majana.

Sasa tunagawa masanduku. Miradi inayahesabu kama maendeleo, na mara nyingi inayapanga kwa makumi sehemu moja. Sibezi, akina mama wengi wasiopanda miti kutundika magogo wamepata njia. Ila sanduku halikuja Marekani peke yake. Lilikuja na ukaribu, na masega yanayozunguka, kisha likahitaji mtu wa njiti ya kiberiti. Mwaka 2009 uozo huo ulionekana upande wa Cape Town, barani humu humu.

Kwa hiyo anayegawa masanduku agawe na ukaguzi: bwana nyuki anayefika, na fidia kwa anayechomewa, ili mtu asiogope kusema. Na atakapokaa kuandika kanuni, asianze kwa kuliharamisha gogo. Wamarekani waliliharamisha kwa sababu halikaguliki. Sisi tuna sababu ya kujiuliza kwanza kama gogo lina ugonjwa wa kukaguliwa.