Mtoto anayeanguka kila mara: namna ya kutambua ugonjwa wa Duchenne

Duchenne ni ugonjwa wa misuli ambao mtoto anazaliwa nao. Unashika karibu wavulana tu, mmoja hivi kati ya 3.500 mpaka 5.000 wanaozaliwa. Jina lake linatoka kwa Guillaume Duchenne, munganga Mfaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Ndani ya mwili, jeni moja imeharibika, ile inayotengeneza distrofini, protini inayolinda misuli isichanike ikifanya kazi. Bila protini hiyo misuli inakufa polepole, na mafuta yanachukua nafasi yake.

Mwaka wa kwanza mtoto anaonekana mzima. Halafu anachelewa kutembea, mara nyingi kupita miezi 18. Akifika miaka 3 ao 4, anaanguka ovyo, hawezi kukimbia na wenzake, na ngazi anazipanda kwa kushika ukuta. Vigimbi vyake vinanenepa, mpaka majirani wanamsifu eti ana nguvu. Kumbe ndio ugonjwa wenyewe.

Kuna kipimo kisichoomba hata franka. Mtoto akalishwe chini kwenye mkeka, aambiwe asimame bila kushika kitu. Mtoto mzima wa miaka 5 anainuka mara moja. Mwenye Duchenne anageuka kwanza, anaweka mikono chini, anainua matako, kisha anashika magoti na mapaja kama mtu anayepanda mwili wake mwenyewe. Wanganga wanaiita alama ya Gowers. Inaonyesha kwamba misuli ya nyonga ni dhaifu, na magonjwa mengine pia yanaweza kuileta. Mzazi mwenye simu amfilme mtoto akisimama: mbele ya munganga wengi wanaogopa na hawafanyi kitu.

Huku mashariki, mtoto kama huyo anapewa majina mengi. «Ni ile shindano yenye ilimuharibu.» «Ni polio.» Wengine wanasema amelogwa, na miaka inapita katika vyumba vya maombi. Lakini polio inakuja ghafla, kwa siku chache, mara nyingi na homa, na mara nyingi inalegeza mguu mmoja kuliko mwingine. Konzo nayo, inayojulikana Kwango na imeonekana pia Kivu Kusini, inatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla, halafu ugonjwa unasimama pale pale. Duchenne inakuja polepole na haisimami. Kwa hiyo swali la kwanza ni: ilianza lini? Mama anayeweza kutaja siku yenyewe, pengine anazungumzia ugonjwa mwingine. Na mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla, reko ao kituo cha afya kijulishwe siku ile ile, ili choo chake kipimwe polio.

Kwenye labo, kipimo cha kuomba ni CPK, cha damu. Kwa mtoto mwenye Duchenne kinapanda mara 10 mpaka 100 kupita kawaida, ao zaidi. Kikiwa cha kawaida kwa mtoto mdogo, Duchenne inaondolewa. Mtego uko kwenye transaminazi, ALAT na ASAT, ambazo wengi wanazijua kama vipimo vya maini. Misuli nayo inazo, na ikiharibika zinapanda. Kuna watoto wanaonyweshwa dawa za maini na kukatazwa mafuta, wakati maini yao ni mazima. Mtoto mwenye transaminazi za juu na anayetembea vibaya apimwe CPK kwanza.

Uhakika kamili unatoka kwenye jeni. Mtoto halazimiki kusafiri. Damu yake inaweza kutumwa kwenye labo ya mbali. Kwa watoto karibu 7 kati ya 10, kipande cha jeni kimekosekana ao kimejirudia, na kipimo cha kwanza kinakiona. Wanaobaki wanahitaji jeni isomwe yote, na hiyo ni gharama nyingine.

Dawa ya kuponya haijapatikana. Lakini prednizoni, dawa ya kawaida, ikitolewa na munganga anayemfuata mtoto, inamwongezea miaka ya kutembea; bila matibabu wengi wanaacha kutembea kabla ya miaka 13. Haiachwi ghafla, ni hatari. Moyo pia unapimwa, kwani nao ni msuli.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X. Karibu theluthi mbili ya mama za watoto hao wanaibeba bila kuugua, wengine hawaibebi kabisa. Mama anayeibeba hakufanya kosa lolote, hata kama wakwe wanasema vingine. Kila mvulana atakayemzaa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuugua, na kila msichana nafasi hiyo hiyo ya kuibeba. Ndiyo maana mdogo wa mgonjwa apimwe CPK hata kama anakimbia vizuri, na dada zake waelezwe mapema, kabla ya kuolewa.

Jambo moja liandikwe kwa herufi kubwa kwenye fishi ya mtoto: akipasuliwa, hata kwa henia ndogo, anayemlaza usingizi ajulishwe mbele. Suksametoni, na dawa za kuvuta kama halotani, zinaweza kusimamisha moyo wake mezani.